Kadzama Katika Gari la Mikate

Siku ambayo Baba alikubali kupanda gari la Gerishom Menza, niliamka na homa isiyokuwamo katika vitabu vya udaktari. Ilinishika tumboni, ikapanda kifuani, ikanifanya nipige mswaki kwa sabuni ya Baba ya kunyolea. Huo haukuwa mzaha. Mizaha mimi huwafanyia watu wengine, na bweni zima la wasichana ni shahidi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza Kidato cha Sita, nangoja matokeo nyumbani kwetu Mtwapa, na katika kungoja huko nikampenda dereva wa watalii. Baba, Mzee Phineas, ni msimamizi wa ghala la saruji na mzee wa kanisa. Alipopata habari hakupiga kelele. Alikata tiketi ya basi. Jumatatu ningepelekwa Machakos kwa shangazi, nikae huko mpaka jina la Gerishom linitoke kichwani.

Gerishom alikuja kusema naye. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaomba jambo moja: kabla ya Jumatatu, Mzee akubali kusafiri naye mpaka Malindi, kwenye kambi ya watalii ya ufuoni, aione kazi anayoifanya.

"Nitakuja Jumamosi," Baba alisema. "Nitaangalia. Nikimaliza kuangalia nitasema neno moja. Ama huyu msichana anapanda basi, ama hapandi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa homa yangu.

Gari lenyewe zamani lilikuwa la mikate. Gerishom alilinunua bovu, akang'oa rafu, akatia kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki yenye pampu ya mguu, na madirisha ambayo mapazia yake niliyashona mimi kwa siri kubwa. Wazungu walilikodi, wakalala humo, wakapika humo, wakalisifu kuliko hoteli. Alikuwa amelipaka rangi ya samawati, lakini jua likilipiga ubavuni, maandishi ya zamani yalijitokeza chini ya rangi: MIKATE SAFI KILA SIKU.

Baba alilizunguka polepole, akapiga gurudumu teke.

"Kwa hivyo hii ndio nyumba yako."

"Ni kazi yangu, Mzee. Nyumba nitajenga Mnarani, karibu na mama yangu."

"Lakini leo ukiulizwa unakaa wapi, unasema umeegesha."

Nilicheka. Niligeuza kicheko kikawa kikohozi, kikohozi nikakipeleka nyuma ya gari, nikapanda. Mama alibaki nyumbani. Alisema ataomba kutwa nzima, ila hakusema ataomba nini.

Baba alikaa mbele na Gerishom. Mimi niliwekwa nyuma, juu ya kitanda, kama shehena. Kati yetu hapakuwa na ukuta, ila kulikuwa na mgongo wa Baba, na mgongo wa Baba unatosha. Kilichobaki kuwa changu kilikuwa kioo kidogo cha dereva. Ndani yake niliyaona macho ya Gerishom, na kila aliponitazama nilishusha yangu haraka, kisha nikayainua kuangalia kama bado yapo. Yalikuwapo.

"Tazama barabara," Baba akamwambia.

"Natazama, Mzee."

"Iko mbele."

Tukapita Kikambala. Baba akaanza mahojiano. Umri. Kanisa. Ndugu wangapi. Mshahara wa mwezi watalii wasipokuja. Gerishom alijibu kila swali kwa sauti ya mtu anayepimwa joto.

"Unakunywa?"

"Situmii pombe, Mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kuonja."

"Vizuri. Kwa sababu mimi sikai mahali pombe iko. Harusi ya ndugu yangu wa tumbo moja, niliona chupa, nikachukua kofia. Chakula sikungoja."

Gerishom akasema ameelewa. Mimi nikaona siku inaelekea kuwa njema, nikathubutu kula ndizi.

Tulifika kwenye feri ya Kilifi jua limeshapanda. Msururu wa magari ulishuka mpaka majini. Pale sheria ni moja kwa waziri na kwa muuza korosho: abiria wote huteremka wakaingia feri kwa miguu, na gari huingia na dereva wake peke yake. Baba, mpenda sheria, aliteremka hata kabla hajaambiwa, akaenda mbele kabisa akasimama kwenye kamba, Biblia kwapani.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mnene wa makamo, anatembea kwa haraka bila kuonekana ana haraka, na kichwani amebeba kitu kilichofungwa kwa leso. Gerishom alimwona, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Mama," alisema. "Tulikubaliana utatuona wakati wa kurudi."

"Ulikubaliana wewe," akasema Bi Kahonzi. "Huyu ndiye?"

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akarudi juu tena. "Mwembamba. Si kitu. Nifungulie mlango."

Alipanda, akateremsha mzigo, akafungua leso. Kilikuwa kibuyu, kimezibwa kwa majani yaliyosokotwa, na kwenye kizibo povu dogo jeupe lilichungulia.

"Mama, hapana," Gerishom alisema.

"Ni kadzama."

"Najua ni kadzama."

"Basi unaniuliza nini? Tembo lenyewe limegemwa asubuhi hii hii."

Mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo. Kwao Gerishom ni kibuyu cha tembo la mnazi anachopelekewa baba wa msichana, na bila hicho msichana hajaombwa, hata mkisemezana mwaka mzima. Nikatazama kule kwenye kamba. Kofia ya Baba ilikuwa imetulia juani, haijui lolote.

"Mzee yule ni mtu wa kanisa," Gerishom alinong'ona.

"Na mimi je? Kanisani ninakwenda na Biblia. Kwa mkwe ninakwenda na kadzama. Baba yako aliniomba hivi, na babu yako alimwomba bibi yako hivi. Unataka niseme nini kwa watu, kwamba mwanangu aliokota mke kambini kwa Wazungu?"

"Tuirudishe nyumbani, Mama. Siku nyingine."

"Kadzama ikishatoka nyumbani hairudi kwa miguu ya mwombaji. Irudishe, au uimwage, halafu usinitafute siku ya kukuoza. Sitakuja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei. Nyuma yetu lori likapiga honi. Kibarua wa feri akagonga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Abiria wateremke. Dereva peke yake."

"Nitamwambia sasa hivi," Gerishom akasema. "Kabla hatujavuka."

"Ukimwambia sasa atarudi Mtwapa kwa miguu, na mimi nitafuata nyuma kama mbuzi," nikasema. "Niachie mimi. Tunaitia katika kabati chini ya kitanda. Tukifika Malindi, amekula, amepumzika, ameiona bahari, utamwambia."

"Mwikali," Gerishom akaniita kwa onyo.

"Nimewahi kuficha kuku bwenini muhula mzima, matroni hakujua."

"Na mwisho wa muhula kuku alikuwaje?"

"Alikuwa ametaga."

Bi Kahonzi alicheka kwa pua. Gerishom hakucheka. Alinitazama, na katika macho yale niliona ombi kwamba nisifanye nilichokuwa tayari nakifanya. Nikafunga mlango wa kabati, mimi na Bi Kahonzi tukateremka.

Juu ya feri wazazi wetu walikutana. Baba alivua kofia.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, mkwe wangu."

"Bado sijakuwa mkwe."

"Ndiyo maana nimekuja."

Baba akavaa kofia.

Kutoka Kilifi kwenda mbele, barabara ile ni joto, mikorosho na mikonge. Bi Kahonzi alikaa karibu nami juu ya kitanda, akawa anaimba pambio kwa sauti ndogo, na chini yetu kadzama nayo ikaanza wimbo wake. Kwanza ilikuwa kama mtu anayenong'ona. Kisha ikawa kama sufuria ya uji. Tulipoingia kwenye kivuli cha msitu kabla ya Gede ikatoa sauti moja, puu, na Bi Kahonzi akakazana na pambio.

Kisha ikaja harufu.

Nilifungua dirisha. Nikajipepea kwa ukurasa wa gazeti. Katika kioo macho ya Gerishom yalikuwa makubwa. Tulipita Gede, tukapita mashamba, na kila nilipohesabu kwamba Malindi iko karibu, Malindi ilirudi nyuma kidogo. Nilijua vizuri kinachoniuma. Haikuwa hofu ya kuchapwa, maana kuchapwa nimekuzoea. Niliona basi. Niliona Machakos asubuhi yenye baridi, na shangazi anayeniuliza kama nimemsahau Gerishom, na mimi nasema nimemsahau.

"Nini hiyo inanuka?" Baba akauliza.

Pambio lilikatika.

"Ni hamira, Baba," nikasema.

"Hamira?"

"Gari lilikuwa la mikate. Mbao zikipata joto zinatoa harufu ya zamani. Wazungu wanaipenda sana."

"Mikate iliacha kubebwa humu lini?"

"Siku nyingi."

"Na bado inaumuka."

"Ilikuwa mikate mizuri, Baba."

Akageuka kutazama barabara. Nikafikiri nimeshinda. Nilimtazama Gerishom katika kioo ili tushangilie kwa macho, lakini alikuwa haangalii kioo. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Tulikuwa tumeshapita uwanja mdogo wa ndege wa Malindi povu lilipotoka kwenye kabati. Lilitoka polepole, likashika mfereji wa sakafu, na gari liliposhuka kijibonde likaenda mbele moja kwa moja, likafika kwenye kiatu cha kulia cha Baba, kile cha Jumapili, likakizunguka.

Baba alikitazama kiatu.

"Mkate huu unatembea," akasema.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na jibu, ninaapa nilikuwa nalo. Lakini Gerishom aliwasha taa ya kugeuka, akaegesha kando ya barabara taratibu kama anayefanya mtihani wa leseni, akazima injini.

"Mzee, si hamira. Ni tembo la mnazi. Ni kadzama, ya kukuomba binti yako. Iliingia garini pale Kilifi, na nilijua. Mimi sinywi, hilo ni kweli. Lakini nilinyamaza, na hilo ni kosa langu."

Baba alichukua kofia, akachukua Biblia, akafungua mlango, akateremka. Akaanza kutembea kuelekea Malindi.

"Baba," niliita.

Hakugeuka. Bi Kahonzi akashuka pia, akakitoa kibuyu kabatini, akakifuta kwa leso, akakiweka kichwani.

"Nyinyi njooni nyuma," alisema. "Polepole. Msinipigie honi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi na Gerishom, kwa mara ya kwanza siku ile, tukawa peke yetu. Nilihamia kiti cha mbele, kilichokuwa bado na joto la Baba. Gari lilikwenda kwa mwendo wa miguu. Mbele yetu, katika kioo kikubwa, mzee wa kanisa alikuwa anatembea wima kama mlingoti, na kando yake mwanamke mwenye kibuyu kichwani, anasema, anasema.

"Anamwambia nini?" niliuliza.

"Sijui."

"Ameonyesha mbinguni."

"Hapo anawataja wajomba zangu waliokufa. Akizidiwa huwaita mashahidi."

"Baba amekunja mikono nyuma."

"Hiyo ni mbaya?"

"Kwetu ikiwa hivyo, ni fimbo au ni sala."

Mtu wa baiskeli alitufikia, akapunguza mwendo, akaingiza kichwa dirishani.

"Gari limeharibika?"

"La," Gerishom akasema.

"Mbona wazee wanatembea?"

"Wanazungumza."

Aliwatazama. "Mazungumzo makubwa," akasema, akaenda zake.

"Geuza gari," nikasema.

"Twende wapi?"

"Popote. Lamu. Una kitanda, una jiko, una mafuta. Mpaka watambue, tumeshavuka Mto Sabaki."

"Unasema kwa mzaha au kweli?"

"Sijui."

Akaendelea kuendesha, macho mbele. "Mwikali, ulipomwambia ni mikate, nilitaka ardhi inimeze. Asubuhi nilimwambia kweli, na mchana nikakaa kimya huku unaichafua."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Ulikuwa unacheza."

Neno hilo liliniingia mahali ambapo fimbo za matroni hazikuwahi kufika. Niligeukia dirisha langu. Nje kulikuwa na ua wa mikonge, na mbuzi mmoja aliyefungwa, naye akanitazama kama anajua habari zangu.

"Ninapoogopa ninacheza," nikasema baadaye. "Sijui njia nyingine. Tangu alfajiri naogopa. Nimepiga mswaki kwa sabuni ya kunyolea."

Gerishom akainua mguu wa suruali kidogo. Soksi moja ilikuwa nyeusi. Akainua wa pili. Ya pili ilikuwa ya kahawia.

"Nimeziona Kikambala," alisema. "Nikaomba asitazame chini."

"Akatazama chini kwa sababu ya povu."

"Alitazama kiatu chake tu. Mungu yupo."

"Akisema Machakos?" nikauliza.

"Nitakuja Machakos. Nitasimama mlangoni kwa shangazi, kama nilivyosimama kwenu."

"Akikufukuza?"

"Nitaegesha nje."

Mkono wake ulikuwa juu ya gia. Wangu niliuweka kando yake, karibu kiasi kwamba barabara ilipokuwa mbovu vidole viligusana, na barabara ile, kwa rehema, ilikuwa mbovu. Hatukutazamana. Kioo cha gari kinaonyesha pande zote mbili, na mbele yetu Baba alikuwa amesimama.

Alikuwa amefika kwenye lango la kambi. Nyuma ya lango ilionekana mivinje, mahema ya rangi rangi, na bahari inayometa kwa dharau. Mlinzi alitoka kibandani, akamtazama Baba, akatazama kibuyu, akatazama gari lililokuwa linawafuata kama mbwa, akaamua kutouliza.

Baba alikuja mpaka dirishani kwangu. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Shuka."

Nikashuka. Gerishom akashuka upande wake. Bi Kahonzi alikuwa amekishika kibuyu kwa mikono miwili.

"Huyu mama ananiambia mambo," Baba akasema. "Ananiambia kwao baba halazimishwi kunywa. Akishapokea anaweza kuwapa wengine, anaweza kumwaga chini ya mti, ni yake. Lakini kabla hajapokea, lazima aulize binti yake mbele ya watu, na binti ajibu. Akikataa, inarudi." Alijifuta paji la uso. "Kwetu hakuna mtu aliuliza mama yako kitu. Sisi tuliangalia mbuzi. Hata mimi, ile tiketi nilikata bila kuuliza."

"Ndiyo, Baba."

"Bado sijauliza. Mwikali, nimekulea, najua vile unajibu. Ukinipa jibu la bweni, hii kitu inarudi Kilifi na wewe Jumatatu uko kwa basi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Huyu kijana unamjua?"

"Namjua."

"Unamtaka?"

Majibu yalikuja kichwani yakapanga foleni, mazuri, ya kuchekesha, kila moja limevaa vizuri. Nikamtazama Gerishom. Alikuwa anatazama chini, soksi zake zote mbili ziko wazi kwa dunia nzima. Majibu yale yakaondoka.

"Namtaka, Baba." Sauti ilikuwa ndogo, sikuitambua. "Na habari ya mikate ilikuwa uongo."

"Ghala yangu ina vibarua wa kila aina. Unafikiri mimi sijui mnazi? Nilijua tangu Gede. Nilikuwa nangoja nione ni nani atasema." Akamgeukia Gerishom. "Ulichelewa."

"Ndiyo, Mzee."

"Lakini ulisema."

Kisha akaweka Biblia kwapani, akanyoosha mikono. Bi Kahonzi alimrekebisha, mkono wa kulia utangulie, naye akarekebishika. Akapokea kadzama, akaishika mbali na kifua chake kama mtoto wa jirani aliyelowa.

"Machakos mtaenda," alisema. "Sio kwa ile basi. Mtaenda pamoja, na huyu mama, na mbuzi watatu, mkae mbele ya ndugu zangu kama watu. Na matokeo yatoke kwanza. Masomo hayakatiki kwa sababu ya kibuyu."

"Hayakatiki, Baba."

"Sasa nionyesheni mahali pa kuweka hii, mkono unauma."

Mlinzi alifungua lango. Wazazi wakatangulia ndani, Baba anatembea kwa uangalifu asimwage, Bi Kahonzi anamwonyesha njia katika mahali ambapo na yeye hakuwahi kufika. Gerishom akarudi kwenye usukani aliingize gari. Akatia gia ya kwanza, likazima. Akawasha, likazima tena. Na huyu ndiye dereva anayepita mchanga wa Mambrui na Wazungu wamelala nyuma bila kuamka.

"Tusukume?" mlinzi akauliza.

Nikachungulia ndani. Alikuwa amelaza kichwa juu ya usukani, analia kwa furaha. Midomoni nilikuwa na maneno mazuri sana, ya kumcheka mpaka uzeeni.

Niliyameza. Nikaenda nyuma ya gari, nikaegemeza mikono yote miwili, nikasukuma.